Barua ya Wazi: Futeni "Uzee", Andikeni "Haijajulikana"

1 Oktoba 2025

Kwa:
Mganga Mfawidhi, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu;
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya hospitali.

Nakala: mfuko wa bima ulionipa kadi, ofisi ya ustawi wa jamii.

YAH: MIAKA SITA YA KUISHIWA NGUVU ZA MISULI BILA KUAMBIWA SABABU

Ndugu Mganga Mfawidhi, ndugu Mwenyekiti,

Salaam, na poleni na kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa miaka 69, mzaliwa wa mji huu. Nilishika chaki mara ya kwanza mwaka 1977, ule mwaka wa Elimu ya Msingi kwa Wote, tulipofundisha watoto sabini chini ya mwembe kwa sababu madarasa yalikuwa hayajajengwa. Nilistaafu 2016. Baadhi ya wauguzi wenu niliwafundisha kusoma, na nikipita koridoni huniamkia vizuri. Shikamoo zao sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kile kinachoandikwa baada ya shikamoo.

Sikutaka kuja hadharani. Kwetu mambo ya ndani husemwa ndani, na ndani nimeshasema. Barua ya kwanza niliileta masijala tarehe 14 Machi 2024, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Ya pili mliipata 2 Septemba mwaka huohuo. Ya tatu 20 Januari 2025. Mbili za mwanzo hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa mdomo na kijana wa masijala: "Inafanyiwa kazi, bibi." Nilitumbukiza pia karatasi kwenye sanduku la maoni pale mapokezi. Kufuli la sanduku lile limeota kutu kiasi kwamba natilia shaka kama kuna mwenye ufunguo. Namba ya malalamiko iliyobandikwa ukutani nimeipiga, haipatikani.

Kalamu sasa hainishikiki. Mimi natamka, mjukuu wangu anaandika kwenye simu, kisha ananisomea nasahihisha. Ameshanionya mara mbili nisiwakaripie kama wanafunzi. Nitajitahidi.

Niwaeleze kwanza maradhi yenyewe, maana katika mara 17 nilizofika kwenu, waliosikiliza mpaka mwisho nawahesabu kwa kidole kimoja.

Yalianzia kwenye sijda. Ilikuwa tarawehe, Ramadhani ya 2019. Nilisujudu kama kawaida, imamu akatoa takbiri, wenzangu wakainuka, mimi magoti yakagoma. Hayakuuma. Yaligoma tu, kama punda aliyelala njiani. Ikabidi nishike bega la mama aliyekuwa kando yangu. Nikasema ni swaumu. Idi ikapita, Mfungo Mosi ukaisha, magoti yakaendelea na mgomo wao. Leo naswali nimekaa kitini.

Kisha ikaja mbuzi ya nazi, ambayo nawaambia kweli imenipima vizuri kuliko kipimo chochote nilichofanyiwa hospitalini. Mnajua inavyokaliwa: chini kabisa, kiubao kiko shibiri moja kutoka ardhini, sinia mbele yako, kifuu umekikamata kwa vidole vyote unakizungusha kwenye meno ya chuma. Mwaka 2020 nilikuwa nikikuna nazi mbili bila taabu, ila kuinuka lazima nishike mwimo wa mlango. Mwaka 2021 kifuu kikaanza kuponyoka. Vidole vya mkono wa kulia, hasa cha kati na cha pete, hujikunja nusu vikaishia hapo. Ncha hazifiki kiganjani. Mkono wa kushoto ukafuata nyuma, polepole. Mwaka 2022 nazi moja ilinichukua asubuhi nzima. Mwaka 2023 nikamwachia mjukuu mbuzi. Siku akiwa chuoni tunapikia tui la paketi, ambalo, Mungu anisamehe, si tui.

Mapaja yamekonda kwa mbele, ngozi imebaki kama foronya isiyo na mto. Nikitembea goti hukatika ghafla, nikaenda chini kama kanga iliyoteleza kwenye kamba. Tangu 2021 nimeanguka mara 11. Tarehe naziandika, kama nilivyokuwa nikiandika mahudhurio. Ganzi sina. Maumivu sina, isipokuwa ya kuanguka. Tangu mwaka jana wali mkavu hunikwama kooni, nausukuma kwa maji.

Uzee naujua. Mama yangu alifariki akiwa na miaka 88, na mwaka wake wa mwisho alikuwa bado anainuka mkekani bila kushika kitu.

Sasa malalamiko yangu.

1. Neno "uzee" mmeliweka mahali pa jina la ugonjwa.

Kadi zangu zote nimezitunza. Mwandiko hutofautiana, maneno ni yaleyale: "maumivu ya viungo, uzee". Maumivu ya viungo sijawahi kuyalalamikia. Kuhusu hilo neno la pili, nizungumze kama mwalimu. Mwanafunzi asiyejua jibu hufanya moja kati ya mawili. Ama huacha nafasi wazi, mwalimu akajua pa kumsaidia. Ama huandika jibu la swali jingine kwa hati nzuri, na mwalimu mvivu akampa tiki. Umri wangu niliulizwa dirishani, nikaujibu. Daktari nilimuuliza kwa nini vidole havifumbi.

Na neno hilo halikai bure kwenye faili. Nilipoomba rufaa niliambiwa haitolewi kwa uzee. Nilipouliza mfuko wa bima niliambiwa hakuna ugonjwa ulioandikwa, kwa hiyo hakuna kipimo cha kuidhinisha. Kambi ya madaktari bingwa ilipokuja mjini mwaka juzi nilirudishwa mlangoni kwa kukosa karatasi yenu. Februari 2024 benki ikaikataa saini yangu, ileile iliyokaa kwenye ripoti za watoto kwa miaka 39, kwa kuwa haifanani tena na ile waliyonayo. Wakataka barua ya daktari. Nikaja kwenu, nikaandikiwa: "Mgonjwa ni mzee." Binti wa benki aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Sasa mwalimu, uzee unabadilishaje saini?" Sikuwa na jibu. Lilikuwa swali la kidaktari kuliko mengi niliyoulizwa na madaktari.

Hata wakubwa wa dunia walijikwaa hapohapo. Shirika la Afya Duniani lilipokuwa likiandaa toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lile lililoanza kutumika Januari 2022, neno "uzee" lilikuwa limepangiwa nafasi humo kama hali ya kuandikwa kwenye faili la mgonjwa. Wataalamu na watetezi wa wazee wakapiga kelele, pamoja na mengine kwamba daktari akishaliandika ataacha kutafuta. Likaondolewa. Kwenu bado linaandikwa, kwa kalamu ya bluu.

2. Misuli yangu haikupimwa.

Malaria nimepimwa mara 9, zote hakuna. Mkojo mara 6. Presha kila nilipokuja. Eksirei ya magoti mara mbili, na magoti yakaonekana ya mtu wa umri wangu, jambo ambalo tayari tulikuwa tunalijua.

Nimekuja kujifunza kwamba kipimo cha mwanzo cha misuli hakina gharama. Mgonjwa akae kwenye kiti, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano, daktari atazame saa. Amwekee vidole viwili kiganjani amwambie "bana". Nguvu ya kila msuli hupewa alama kuanzia 0 hadi 5, na alama hiyo ikiandikwa leo, ya mwaka ujao itakuwa na cha kulinganishwa nacho. Mtajuaje kama mtoto anashuka darasani ikiwa hamna alama za muhula uliopita?

Baada ya hapo kuna damu. Kuna kipimo kiitwacho CK, ambacho hupanda misuli inapoharibika. Kuna tezi ya shingo, ambayo ikizorota huweza kulegeza misuli ya mwili mzima, na ina dawa. Kuna potasiamu, kuna vitamini D. Na hata kabla ya damu kuna mfuko wa dawa alionao mgonjwa mkononi. Mimi natumia dawa ya kushusha lehemu tangu 2018, iliandikwa hapohapo kwenu, na karatasi ya maelezo iliyomo kwenye pakiti inasema inaweza kudhuru misuli ya baadhi ya watu. Sisemi ndiyo iliyonidhuru. Nasema hakuna aliyewahi kuniambia, "Bibi, hebu tuone dawa unazokunywa."

Kile kidole kimoja nilichokitaja ni cha daktari kijana aliyekuwa mafunzoni kwenu Juni 2023, na nisipomsema nitakuwa nimedhulumu. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, akaniambia nibane vidole vyake. Mkono wa kulia aliurudia mara tatu. Kisha akasema, "Bibi, hii mimi siijui, lakini si uzee. Tutaitafuta." Nilitoka mle chumbani nikilia, mjukuu akadhani nimepewa habari mbaya. Aliandika CK. Maabara yenu haikuwa na vitendanishi, nikalipia maabara ya nje, na majibu yakaja: zaidi ya mara tatu ya ukomo wa juu. Niliporudi nayo, kijana alikuwa ameshamaliza muda wake, amepangiwa mkoa mwingine.

3. Kila ziara ni darasa la kwanza.

Karatasi ile ya CK niliikabidhi mwenyewe, ikabanwa kwa pini nikiona. Agosti haikuwemo. Bahati mjukuu alikuwa ameipiga picha. Daktari wa siku hiyo aliitazama kwenye simu akasema hawezi kufuata majibu ya kwenye simu, tuanze upya. Tukaanza upya, na malaria.

4. Dawa nilizopewa.

Diklofenaki nimeandikiwa mara nyingi, kwa maumivu nisiyokuwa nayo. Hizo sikuzimeza, na hilo nimelisamehe. La prednisoloni, vidonge vya steroidi, silisamehi. Oktoba 2023 niliandikiwa vidonge hivyo "tujaribu", bila kipimo, bila kuambiwa mwisho lini. Nilivimeza miezi minne. Nguvu hazikurudi. Uso ulijaa, usingizi ukakatika, na sukari, ambayo haikuwahi kunisumbua, ikapanda hadi 14. Mfamasia wa duka la dawa la mtaani ndiye aliyeniuliza navinywa hadi lini, na ndiye aliyenikataza kuviacha ghafla. Akanirudisha kwenu mnipunguzie kidogokidogo.

Vidonge hivyo vinaokoa watu, sibishi. Yapo magonjwa ya misuli yanayotulizwa navyo. Lakini vikinywewa muda mrefu, vyenyewe huweza kudhoofisha misuli ya mapaja na kula mifupa. Mtu anayeanguka ovyo akipewa kitu kinachokula mifupa, na aliyempa hajui anatibu nini, hapo kuna mtu wa kuulizwa. Mimi nauliza.

5. Choo na viti.

Hili naliandika kwa aibu. Mjukuu amesisitiza liandikwe.

Tarehe 16 Julai 2024 nilikuwa kwenye foleni tangu saa 1 asubuhi. Saa 4 na dakika kumi hivi nikaenda choo cha wagonjwa wa nje. Viko vinne, vyote vya kuchuchumaa. Kushuka niliweza, maana kushuka ni kazi ya dunia yenyewe. Kuinuka sikuweza. Ukuta una vigae, unateleza. Nikashika bomba la maji, likazunguka mkononi, maji yakafunguka. Nikaita, nje kulikuwa na televisheni inaimba. Nilikaa pale, kanga imelowa mpaka kiunoni, nikihesabu vigae ili nisilie. Safu ya chini ina vigae 14. Aliyenitoa ni dada wa usafi, aliyegonga akitaka kudeki. Alinipitishia mikono kwapani, akanisimamisha kama mtoto anayefundishwa kutembea, akavua kanga yake ya begani akanifunga. Hakuniuliza kitu. Saa ya ukutani ilionyesha saa 4 na dakika 50. Jina langu lilikuwa limeshaitwa. Niliambiwa nirudi mwisho wa foleni.

Na foleni yenyewe naingoja kwa miguu, kwa sababu mabenchi yenu ya zege yako chini ya goti. Mtu mwenye mapaja kama yangu akikaa pale haondoki bila watu wawili. Basi husimama nimeegemea nguzo, chini ya bango lenu linalosema mzee apishwe ahudumiwe kwanza. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike. Mimi sijafika hata kwenye benchi.

6. Mtaa.

Nyinyi mlipokosa jina la kuyapa maradhi haya, mtaa ulikuwa nalo tayari: mkono wa mtu. Akaanza kutajwa jirani yangu, mjane aliyenizidi miaka mitatu, tuliyecheza naye rede tukiwa wadogo, kwa sababu nazi zangu nilikuwa nikinunua gengeni kwake. Watoto wakaacha kutumwa kwake. Kaka zangu wakachanga shilingi laki 3 niende kwa mganga bara. Nilizipokea, nikawashukuru, nikalipia maabara ya nje. Kilichobaki nilinunulia fimbo.

Nchi hii inajua yanayowapata vikongwe neno kama hilo likishatamkwa. Nimekaa barazani kwake makusudi, nimekula kwake mbele za watu, na bado minong'ono haijaisha. Karatasi moja kutoka kwenu yenye maneno "ugonjwa wa misuli, sababu inatafutwa" angeibandika gengeni.

Najua mtakayojibu, kwa kuwa mengine nimeshaambiwa.

Mtasema hamna bingwa wa mishipa ya fahamu. Ni kweli, nchi nzima ni wachache. Ndiyo maana kukawekwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda, taifa, ili asiyejua ampeleke mgonjwa kwa anayejua. Mtasema kipimo cha umeme wa misuli hakipo hapa, wala cha kuchukua kipande cha msuli na kukisoma kwa hadubini. Sikuviomba hapa. Niliomba karatasi ya kwenda viliko.

Mtasema wazee wote hudhoofika. Hudhoofika, ndiyo. Ila umri ukimdhoofisha mtu hauanzi na vidole viwili vya mkono wa kulia.

Mtasema hata ukijulikana hauna dawa. Hili nimeambiwa usoni, kwa sauti ya mtu anayekwambia mkate umeisha. Upo kweli ugonjwa wa namna hiyo. Ni aina ya miositisi, yaani kuvimba kwa misuli kwa ndani, ambayo madaktari huifupisha IBM (inclusion body myositis). Huanza kwa kawaida baada ya miaka 50, hukondesha mapaja kwa mbele, hulegeza vidole vinavyokunja, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine, na huweza kufika kooni. Peter Frampton, mpiga gitaa wa Uingereza, alitangaza mwaka 2019 kwamba anao. Mimi sikuwahi kumsikia, masikio yangu ni ya taarabu, lakini mjukuu aliponisomea kwamba ni mpiga gitaa na ugonjwa wenyewe unakwenda kwenye vidole, nilinyamaza kitambo. Hadi leo hakuna dawa iliyothibitika kuuzuia, na prednisoloni kwa kawaida haiusaidii.

Sisemi ndio wangu. Mimi nilisomea ualimu. Lakini tazameni kinachobadilika mtu akishaambiwa. Kama ndio, nisingemeza vile vidonge miezi minne. Ningefundishwa mazoezi yanayofaa, ningefundishwa kumeza nisije nikapaliwa, ningeinuliwa kitanda na kiti, ningejua niuze kiwanja sasa au nisubiri. Na kama sio, basi pengine ni tezi, au ile dawa ya lehemu, au miositisi nyingine inayotibika, au ule ugonjwa wa misuli kuchoka upesi unaohitaji kidonge chake, na miaka sita imepotea bure. Kusema "hauna dawa" kabla ya kujua ni upi, hapo mjukuu ananiangalia, basi niishie hapo.

Ninachoomba ni hiki.

Futeni neno "uzee" kwenye faili langu, mahali pake andikeni "udhaifu wa misuli unaoendelea, sababu haijajulikana", na mnipe nakala yenye muhuri. Nakala hiyo nitaipeleka benki, nitaipeleka kwenye mfuko wa bima, na nyingine nitampa jirani yangu. Maneno hayo hayamwaibishi daktari yeyote. Yule kijana aliyasema akiwa bado mafunzoni.

Nipimeni nguvu za mikono na miguu, alama ziandikwe, na pawe na mtu mmoja wa kuzirudia kila baada ya miezi sita. Pitieni dawa zangu zote na mnipe maelezo kwa maandishi kuhusu prednisoloni: nani aliandika na kwa ajili gani. Niandikieni rufaa. Nauli na malazi ni juu ya familia yangu, tumeshakubaliana.

Choo kimoja kati ya vile vinne kiwekwe cha kukaa, chenye vyuma vya kushika pande zote mbili. Viti vinne virefu vyenye mikono viwekwe kwenye foleni ya wazee. Fundi seremala mmoja niliyemfundisha darasa la nne amekubali kuvitengeneza bila ujira, na mbao nanunua mimi kwenye pensheni. Nimewaandikia hili kwenye barua ya tatu pia. Kinachosubiriwa ni ruhusa yenu ya kuviingiza getini.

Sitaki mtu afukuzwe kazi. Sitaki fidia. Nataka pia mtu, mwenye jina na cheo, aijibu barua hii kwa maandishi kabla ya tarehe 30 Novemba 2025. Isipojibiwa nitaipeleka ngazi ya juu yenu pamoja na nakala za zile tatu.

Leo ni Siku ya Wazee Duniani. Nimeambiwa mnapima presha bure pale uwanjani na kuna keki. Nawashukuru kwa mwaliko. Uwanja ule hauna pa kushika.

Miadi yangu kwenu ni Jumanne ya tarehe 21 Oktoba, saa 2 asubuhi. Nitakuja na kiti changu.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu
(jina na namba ya faili mnavyo, nimeweka dole gumba la kushoto, la kulia halibonyei vizuri)